Fungu la nne

"Dada, umefiwa?"

Aliyeuliza ni msusi wangu wa Makorora, binti wa miaka ishirini na kitu. Vidole vyake vilikuwa vimesimama katikati ya mstari wa sita. Mimi nilikuwa nimeinamia kitabu, machozi yananidondokea kwenye kanga niliyojitanda mabegani. Nikamwambia hapana, ni hadithi tu, kuna mtoto kafa humu.

"Mtoto wa nani?"

"Wa Shakespeare."

"Masikini. Lini?"

"Mwaka 1596."

Wanawake waliokuwa kwenye benchi wakisubiri zamu wakaangua kicheko, na mimi nikacheka nao. Msusi akanigonga kichwa kwa chanuo: tulia, utanipindishia mistari. Nikatulia. Lakini swali lake la kwanza nilikwenda nalo nyumbani, na wiki tano sasa bado ninalo.

Umefiwa?

Nimefiwa. Mwaka 1994. Sijui kwa nini nilimjibu hapana.

## Kitabu chenyewe

Kinaitwa *Hamnet*, ameandika Maggie O'Farrell, kilitoka 2020. Nimeazimwa na rafiki kwa sharti la kutokunja kurasa, na nimekunja tatu, anisamehe. Kiko kwa Kiingereza, tena si Kiingereza cha barua za ofisini. Kurasa za mwanzo nilizisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe.

Yaliyoandikwa kwenye historia ni machache. Shakespeare alikuwa na mtoto mmoja wa kiume, pacha wa Judith, aliyezikwa Stratford, mji wao huko Uingereza, tarehe 11 Agosti 1596 akiwa na miaka 11. Hakuna aliyeandika kilichomwua. Miaka michache baadaye baba mtu akatoa tamthilia ya *Hamlet*. Katika mji ule Hamnet na Hamlet lilikuwa jina moja, kila karani anaandika atakavyo, kama sisi na Athumani na Othman. Mwandishi amechukua ncha hizo mbili akashona katikati. Tauni ameiweka yeye.

Baba hatajwi jina hata mara moja. Ni mume, ni baba, ni mwalimu wa Kilatini. Mwenye kitabu ni mama mtu, Agnes, mfuga nyuki, mjuzi wa majani ya dawa, anayemshika mtu kiganja akajua lililo moyoni mwake. Mtu aliyelelewa na bibi wa Kibondei hashangazwi na Agnes.

Kinaanza na yule mtoto akishuka ngazi. Pacha wake ameshikwa na homa ghafla, naye anatafuta mtu mzima wa kumwambia. Chumba baada ya chumba, anaita, nyumba tupu. Mama yake yuko mbali, shambani, anahangaika na nyuki waliohama mzinga.

Hapo nilipaswa kukifunga. Sikukifunga.

## Upande wa Agnes

Wiki ya kwanza nilikuwa na hasira na yule baba. Mtoto anaugua, yeye yuko London. Anaandikiwa barua, anapanda farasi, anafika amechelewa. Anamwona Judith mzima, anafurahi kwa sababu aliambiwa Judith ndiye mgonjwa, halafu ndiyo anageuka kuona aliyelazwa. Baada ya mazishi anakaa kidogo, kisha anasema lazima arudi, kundi lake la waigizaji linamsubiri. Nilikuwa jikoni niliposoma hapo. Nikasema kwa sauti, "Nenda basi! Nenda!" Mwanangu akachungulia kuuliza nagombana na nani.

Nilikuwa nagombana na babu yake.

Baba yangu alikuwa baharia wa jahazi, Tanga na Wete ya Pemba, Wete na Tanga, mbao zinakwenda, karafuu na mbata zinakuja. Mdogo wangu alifariki Alhamisi magharibi, ana miaka minane, akazikwa kesho yake asubuhi. Kwetu maiti haisubiri jahazi. Habari ilipelekwa na nahodha mmoja aliyekuwa anavuka. Baba alifika siku ya tatu, wanawake wanakunja mikeka, tanga limeshaondolewa. Alikaa siku sita. Ya saba alibeba kikapu chake akaenda bandarini. Tangu siku hiyo hadi alipokufa yeye, mwaka 2011, sikumsikia akilitaja jina la mwanawe.

Kwa hiyo Agnes alipomkasirikia mumewe nilimfuata moja kwa moja. Sikuhitaji kushawishiwa.

Ila palikuwa na mahali ambapo mimi na Agnes tuliachana. Yeye anamwosha mwanawe kwa mikono yake, anamshonea sanda mwenyewe, anakwenda hadi kaburini, na akifika hawezi kuondoka. Kurasa zile nimezisoma mara nne. Mama yangu aliishia mlango wa uani. Tulisikia miguu ya wanaume barazani, tukasikia "La ilaha illallah" ikianza hapo mlangoni, ikienda, ikififia, hadi ikawa kelele za kawaida za Ngamiani, baiskeli na mbuzi. Mama alibaki amesimama vilevile, kama anasikia zaidi yetu.

Nilimwonea Agnes wivu kwa niaba ya mama. Hilo sikulitegemea.

Msinielewe vibaya, sileti ubishi wa kidini hapa. Na mizani ina upande wa pili. Mama alilala siku tatu katikati ya wanawake. Shangazi zangu, majirani, wengine hata sikuwajua, walimshika, walimlisha, walimfuta kamasi, wakapika wali na maharage sufuria kubwa uani, na usiku alipoamka akipiga kelele palikuwa na mtu pembeni yake kwenye mkeka. Agnes ana mama mkwe na mabinti zake, na bado ukimsoma unamwona peke yake ndani ya nyumba ile kama sahani iliyosahauliwa kabatini. Stratford haina tanga. Nafikiri nusu ya kinachomtesa Agnes ni kwamba hakuna aliyemtandikia mkeka.

## Kiroboto

Katikati ya kitabu hadithi inasimama, na kwa sura nzima tunamfuata kiroboto.

Anaanzia Alexandria, kwenye manyoya ya kima. Anamrukia mtoto wa melini, anahamia kwa paka wa meli, anazaliana, anafuata mizigo, hadi kisanduku cha shanga za kioo kutoka Murano kilichofungwa kwa matambara kinafunguliwa Stratford na mikono ya Judith. Mimi ni mtoto wa mji wa bandari. Niliisoma sura ile kwa raha ambayo haikufaa. Miaka ileile Wareno wako hapo Mombasa wanajenga Ngome ya Yesu, na bahari hii yetu imejaa vyombo vya namna hiyohiyo, paka na panya na vitambaa. Nikajiambia, hapa mwandishi anatuandikia sisi.

Halafu nikagundua kinachoendelea. Kiroboto anaingia melini kwa sababu mtoto mmoja aliyetumwa kazi alisimama kumwangalia kima. Basi. Alisimama tu. Kima alikuwa anapendeza.

Nikaweka kitabu chini.

Siku ile ya Alhamisi bibi alinituma. Nilikuwa na miaka 11, kama Hamnet. Mdogo wangu alikuwa na homa tangu jana yake, na mchana ule degedege ikamshika, macho yamegeuka, meno yameumana. Bibi akasema, kimbia Deep Sea kamwite mama yako. Mama alikuwa anakaanga samaki kule sokoni. Nilikimbia kweli. Nilikimbia hadi karibu na reli, na pale palikuwa na mtu wa mazingaombwe.

Alikuwa anatoa kamba mdomoni. Nyekundu, njano, kijani, mkono mmoja unavuta, mwingine unakunja, na kamba haiishi. Watu wamemzunguka, wanahesabu. Niliingia katikati ya miguu ya watu kuona. Nilitaka kuiona mwisho wake tu, halafu niendelee.

Nusu saa. Pengine dakika ishirini. Nimezipima mara nyingi sana dakika hizo.

Sijawahi kumwambia mtu. Si mume wangu, si wadogo zangu. Niliwahi kumwuliza muuguzi mmoja, nikijifanya nauliza kwa ajili ya jirani, kama mtoto mwenye malaria kali akichelewa nusu saa kufika hospitali inaleta tofauti. Akasema, "Inategemea." Ni jibu la kweli, malaria ya mtoto inakwenda kwa saa, lakini kuna jibu la kweli ambalo mtu hawezi kwenda nalo popote.

Na ndiyo maana, naona sasa, nilimshika baba koo miaka thelathini. Alichelewa siku tatu. Za kwangu, karibu na hizo, hazionekani.

## Halua ya Wete

Mwisho wa kitabu ndio watu wengi wanausifu, kwa hiyo nitausema kidogo. Agnes anasikia kwamba mumewe ametumia jina la mwana wao kwenye mchezo wa kuigiza, na watu wanalipa kuingia kuuona. Anapandwa na ghadhabu, anakwenda London kumkabili. Anasimama katikati ya umati, anamwona kijana jukwaani aliyefundishwa kutembea kama mwanawe, kuinua kichwa kama mwanawe, na mzimu wa baba aliyekufa unaigizwa na mumewe mwenyewe. Anaelewa. Mume amebadilishana nafasi na mtoto: humo jukwaani aliyekufa ni baba, mtoto ndiye mzima.

Nililia hapo pia, lakini mara ya pili kusoma sikuridhika. Mwandishi anatuacha palepale uwanjani, mkono umenyooshwa, pazia. Mimi nilitaka njia ya kurudi nyumbani. Nilitaka kujua kesho yake walizungumza nini wakinywa uji.

Hata hivyo nikaanza kumtafuta baba yangu upya. Hakuwa mwandishi; kusoma kwake kulikuwa kwa Kurani na kwa hesabu za mzigo. Je, aliweka wapi? Maana mtu lazima aweke mahali.

Usiku mmoja, saa saba hivi, ikanijia. Halua.

Kila aliporudi kutoka Wete baba alituletea halua, kila mtoto na kikapu chake kidogo cha ukili. Tulikuwa wanne, anakuja na vinne. Na baada ya 1994, tulipobaki watatu, aliendelea kuja na vinne. Nakumbuka vizuri kwa sababu tuligombania kile cha nne kila safari, tukakatana kwa kucha, na baba hakutugombeza wala hakugawa. Alikiweka mezani, akaenda kuoga.

Niliamka kitandani. Nikajiona nimeipata *Hamlet* ya baba yangu, iko mezani, imefunikwa kwa kawa, watoto wanaipigania.

## Amina

Kisha nikataka kuandika. Na hapo ndipo wiki mbili zilipotea, kwa sababu sikujua kama nina haki.

Ukiwa mtu wa Tanga huwezi kuzungumza habari ya kumwandika marehemu wako bila kupita kwa Shaaban Robert. Alizaliwa Vibambani mwaka 1909, amezikwa Machui, hapo nje ya mji. Shuleni tuliambiwa yeye ndiye Shakespeare wa Kiswahili, usemi ambao sikuwahi kuupenda, kana kwamba mtu ni lazima aazime kofia ya mwingine ndipo aonekane. Tena katika hili wameachana kabisa. Mmoja, kama riwaya hii ni ya kuaminiwa, alizunguka, akaficha huzuni ndani ya mfalme na mzimu wa nchi ya Denmark. Mwingine alifiwa na mkewe akamwita kwa jina, mstari wa kwanza, neno la kwanza: Amina. Anazungumza naye ana kwa ana, kama amehamia chumba cha pili.

Nililikariri shairi lile darasani, mikono nyuma, mwalimu anapigapiga meza kuhesabu mizani. Sikumjua Amina. Nilikuwa nawaza mapumziko na mihogo ya kukaanga. Sasa najiuliza, jina la mke wa mtu lilifikaje kinywani mwangu? Aliulizwa nani? Nalipenda shairi lile kuliko karibu kila kitu kilichoandikwa kwa lugha hii, na bado naielewa ghadhabu ya Agnes. Jina la maiti wako ni kitu unachokitamka gizani. Halafu unalisikia linaimbwa sokoni.

Na mimi hapa, ninataka kufanya nini?

## Mama

Jumamosi iliyopita nilikwenda kwa mama. Alikuwa barazani na ungo mapajani, anachambua mchele. Shikamoo, marahaba, watoto hawajambo, mume hajambo. Nikakaa kwenye mkeka chini yake, nikamwambia kuna kitabu nimesoma na kuna jambo nataka kuandika, linamhusu marehemu.

Hakusema kitu. Nikamsomea ule ukurasa wa kuosha, nikiutafsiri polepole. Agnes anapangusa miguu, anakuta kovu, anakumbuka siku ya kovu. Mama aliacha mchele. Nilipofika kwenye sindano na sanda akasema, "Basi. Hapo basi, mwanangu."

Baadaye kidogo akasema, "Andika. Ila jina lake usiliweke. Jina nilimpa mimi. Libaki humu ndani."

Ndiyo maana hamjaliona.

Nikamsomea na niliyokuwa nimeandika. Alinisahihisha. Kwanza, haikuwa Alhamisi, ilikuwa Jumatano. Alhamisi ndiyo tuliyozika. Nimeiacha hapo juu kama nilivyoibeba miaka yote hii. Pili, baba hakukaa siku sita, alikaa kumi. "Wewe ulitaka aondoke upesi ili umchukie vizuri," akasema, na wala hakuwa anatania.

Nilipofika kwenye halua, na kikapu cha nne, na *Hamlet* yangu, alinitazama akacheka hadi ungo ukatikisika.

"Kile cha nne? Kile kilikuwa changu! Alianza kuniletea baada ya msiba. Nyinyi mnakiona mezani mnakirukia kama nzige, nami nitasema nini, nigombee halua na watoto?"

Nikacheka pia, kwa aibu. Sijui, labda yote mawili ni kweli. Labda alifika dukani Wete akasema vinne kwa mazoea, mkono ukasita, akatafuta wa kumpa. Mama hakutaka kubishana. Alirudi kwenye mchele wake, anatoa chenga moja moja, anazirushia kuku.

Sehemu ya reli sikuisoma. Niliisema. Nilimwambia habari ya mtu wa mazingaombwe, na kamba, na kwamba nilisimama, na kwamba sikumwambia bibi wala yeye wala mtu. Nilisema nikiangalia mkeka.

"Yule wa kamba za rangi?" mama akauliza.

"Ndiyo."

"Alikuwepo tangu asubuhi. Nami nilisimama pale, nikienda kazini. Nilimwacha mtoto ana homa nikasimama." Akapepeta kidogo. "Ile kamba haina mwisho. Nilisubiri."

Tukakaa. Muadhini wa alasiri akaanza, wa msikiti wa karibu, kisha wa mbali, kisha wote pamoja. Alipomaliza wa mwisho mama akaweka ungo chini, akajipangusa vumbi la mchele kwenye kanga.

"Yule mama wa kitabuni," akasema. "Huko alikokwenda kumfuata mumewe. Alikwenda na nani?"

"Na kaka yake."

"Afadhali," akasema mama, akanyanyuka kwenda kutawadha.